Siku Baba Alipoupima Upepo

Siku ya tatu baada ya kumzika baba, jirani aliyekuwa anapakua wali wa waombolezaji alitoa sinia moja stoo, akaliinua kulikagua, akaona mwanga unapita. "Jamani, nani katoboa sinia matundu manne?" Wanawake wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachojizuia katikati. Mama akalipokea, akapitisha kidole kwenye tundu moja, akasema, "Hili lilikuwa la gari." Akalirudisha stoo mwenyewe. Mimi nikatoka, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na choo, mahali ambapo hakuna mtu anayekuja kukupa pole.

Nimesoma hadi darasa la saba, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Lakini jambo hili nimelibeba tangu nikiwa na miaka kumi na moja, na mtu niliyekuwa namficha ameondoka. Naliandika lilivyokuwa.

Baba alikuwa na pikapu. Ilikuwa imepita mikono mingi kabla ya kufika kwetu Somanda, pale Bariadi. Mlango wa kushoto ulifunguliwa kwa nje tu, geji ya mafuta ilikuwa imekufa, na mfuniko wa tangi ulikuwa kopo lililozungushiwa kitambaa. Alibeba mizigo ya wafanyabiashara wa minadani. Leo samaki kutoka Nassa, kule ziwani, kesho mahindi, msimu wa pamba marobota madogo ya watu wa vijijini. Kabla ya hapo alikuwa utingo kwenye malori ya pamba kwa miaka mingi, na utingo akikaa juu ya mzigo hana la kufanya ila kutazama. Nadhani ndiko alikojifunzia kutazama.

Mafuta yalipopanda, watu wengine walilalamika. Baba hakulalamika. Alirudi siku moja, akaegesha gari uani, akazunguka nyuma na kukaa juu ya ndoo akilitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa. Nikaenda kusimama karibu naye.

"Mayu," aliniita, maana Wasukuma humwita binti kama anavyoitwa mama, "tumetoka wapi na gari hili?"

"Nassa."

"Vumbi tumeliacha nyuma au tumeliacha mbele?"

"Nyuma."

"Sasa mbona mbele pasafi, na nyuma vumbi limeganda kama unga? Kitu unachokikimbia kinawezaje kukushika mgongoni?"

Akaandika kwa kidole kwenye lile vumbi la nyuma, duara ndani ya duara. "Upepo unazunguka hapa, unalivuta gari lisiende. Upepo ndio unatunywea mafuta."

Mimi niliamini maneno hayo kama yalivyosemwa. Kwa siku kadhaa nilipokuwa napita nyuma ya gari niliona kama kuna kitu kimelala pale, chenye mdomo, kinanyonya. Nilikuwa naweka sikio kwenye bodi nisikie kikimeza.

Baba akaanza kujenga. Alikata bati akalikunja, akalifunga juu ya kichwa cha gari likawa kama kofia iliyolalia mbele, ili upepo upande juu taratibu usigonge ukuta wa mzigo. Nyuma alitengeneza kibanda cha mbao nyembamba kilichoshuka kuelekea mwisho, kama mkia wa kuku anayekaa. Chini ya bampa alining'iniza mpira wa tairi la trekta aliouchana. Yote hayo Mama aliyavumilia. Kilichomshinda ni masinia.

Mama alirudi kutoka sokoni akakuta magurudumu manne yanameta, kila moja limevikwa sinia la alumini kwa waya. Akatua kapu.

"Hayo ni masinia yangu?"

"Nimeyaazima."

"Yale niliyoletewa siku ya harusi yangu? Umeyatoboa?"

"Matundu madogo, ya waya. Gurudumu likiwa wazi, upepo unaingia unavurugika—"

"Wageni wakija waambie wale chakula barabarani, wakimbie na gari." Akaingia ndani. Halafu akarudi mlangoni, hakuweza kujizuia. "Na sufuria nimezificha, usizitafute!"

Mtaani tulipewa majina. Vijana wa bodaboda pale kona walikuwa wakisimama wote tukipita. "Mzee, leo unaruka saa ngapi?" "Tuwekee siti ya dirishani!" Shuleni waliniita binti wa rubani. Baba alikuwa anawapungia mkono. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa, na hilo nalo najuta, ingawa si kubwa kama linalokuja.

Baba mdogo Mabula, mdogo wake baba, tulikaa naye nyumba moja. Alikuwa na pikipiki ya kubebea abiria, na kwenye meza mbele ya nyumba aliuza petroli ya chupa kwa bodaboda wenzake. Yeye ndiye aliyenibeba siku za nyuzi.

Siku za nyuzi ndizo siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Baba alinunua uzi wa pamba, akaukata vipande vya urefu wa kiganja, akavibandika kwa gundi gari zima, juu ya kofia, ubavuni, kwenye mkia. Gari likawa na manyoya. Halafu akashika barabara ya lami kuelekea Lamadi, na mimi nikakaa nyuma ya baba mdogo kwenye pikipiki, tukalifuata kwa karibu. Kazi yangu ilikuwa kutazama nyuzi. Ulipolala uzi, upepo ulikuwa unapita vizuri. Uliporukaruka au kugeukia mbele, hapo upepo ulikuwa unazunguka, na pale ndipo pa kurekebisha.

"Mabula atazame barabara," baba alisema. "Wewe tazama nyuzi. Usipepese."

Sikupepesa. Machozi yalinitoka kwa upepo, vidudu viligonga mashavu, na mashamba ya pamba yalipita pembeni meupe bila mimi kugeuka. Niligawa gari kichwani kama shamba, tuta la kwanza, tuta la pili. Tuliposimama baba alishuka na daftari lenye mchoro wa gari, akauliza, na mimi nikajibu.

"Kwenye bega la kushoto?"

"Tatu zimelala, moja inacheza."

"Inacheza vipi?"

"Kama mkia wa mbuzi."

Aliandika hivyohivyo, "mkia wa mbuzi." Hakuniuliza mara mbili. Baba mdogo akatania, "Kaka, unaandika maneno ya mtoto?" Baba akasema, "Huyu akisema ameona, ameona." Jioni ile alikata mbao ya bega la kushoto akaizungusha, na kesho yake uzi ule ukalala. Nilipiga kelele nyuma ya pikipiki hadi baba mdogo akayumba.

Mama aliyatazama hayo yote kwa wiki nyingi, kisha akasema neno moja mezani, bila hasira. Akasema mume wake amekuwa mtu wa kubandika uzi wakati wenzake wanabeba mizigo. "Pima," akamwambia. "Pima mbele yangu. Ikionekana linakunywa kidogo, sitasema tena mpaka nakufa. Isipoonekana, gari liuzwe, turudi Kimali tukalime." Kimali ndiko kwa babu, huko Meatu, na shamba lilikuwepo.

Baba akakubali. Kabla ya kugusa gari alikuwa ameshalipima. Alijaza tangi hadi shingoni, akaenda Lamadi na kurudi bila mzigo, akajaza tena hadi shingoni. Ziliingia lita kumi na saba. Sasa atafanya vilevile, njia ileile, mwendo uleule, saa ileile ya asubuhi, na atajaza kwa jagi la lita moja Mama akihesabu.

Nilienda naye siku hiyo. Kwenda alikuwa anazungumza, ananionyesha malori na kusema lile lingehitaji kofia, lile mkia. Kurudi alishika usukani kwa mikono miwili. Karibu na nyumbani akasema, kama anajisemea, "Mayu, likinywa kumi na saba tena, mimi nimekwisha."

Nilimtazama. Sikuwahi kumwona baba akiogopa. Nilidhani kuogopa ni kitu kinachoisha mtu akiota ndevu.

Ninavyokumbuka akili yangu ya wakati ule, nilielewa jambo zima kama mtihani wa shule. Baba ni mwanafunzi, Mama ni mwalimu, na akipata alama mbaya anafukuzwa. Darasani kulikuwa na msichana niliyekaa naye dawati moja ambaye hesabu zilikuwa zinamtoa jasho. Mimi nilikuwa nasogeza daftari langu kidogo upande wake, aone. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa pale naiba. Niliona namsaidia. Sikujua kwamba kuna kupima ambako hakuna mwalimu, ambako mtu anataka tu kujua.

Tulipofika Mama alimwambia baba ale kwanza, injini ipoe. Wakaingia ndani, na baba mdogo akaitwa naye akale. Gari likabaki uani peke yake, na mimi nikabaki nalo.

Dumu la petroli la baba mdogo lilikuwa stoo, la lita ishirini. Nilichukua chupa tupu ya maji, ile ya lita moja aliyokuwa anatumia kupimia wateja. Nikaliinamisha dumu kwa goti, nikaijaza, nikakimbia nayo, nikatoa kopo la tangi, nikamimina. Faneli sikuwa nayo, baba alikuwa ameingia nayo ndani. Nyingine iliingia, nyingine ilipita pembeni ya shingo ya tangi, ikateremka kwenye bodi na kudondoka chini. Nikarudi stoo. Chupa ya pili. Ya tatu. Nilikuwa nawasikia ndani, kijiko kinagonga sahani, Mama anamwambia baba mdogo aache kumalizia mboga. Ya nne. Ya tano. Kisha nikasikia kiti kinasogezwa, nikarudisha kopo, nikasukuma udongo kwa mguu juu ya paliposhikwa na unyevu, nikaenda kukaa kwenye ndoo kama mtu aliyekaa pale siku nzima. Harufu haikuniuza. Gari lile lilinuka petroli siku zote.

Baba alianza kujaza. Mama alisimama na mikono kiunoni, akihesabu kwa sauti. Majirani wawili watatu wakaja ukutani. Moja. Mbili. Baba alikuwa anaonyesha kila jagi kabla ya kulimimina, limefika kwenye alama, kila mtu aone. Nane. Tisa. Kumi. Ilipofika kumi na mbili petroli ikapanda shingoni ikasimama.

"Haiingii," baba akasema.

"Ongeza," Mama akasema. "Tikisa gari."

Baba mdogo akalitikisa gari. Likapokea kama kijiko kimoja, basi. Baba alibaki ameshika jagi.

"Kumi na mbili," akasema polepole. "Kumi na saba, kumi na mbili. Tano!" Akanigeukia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. "Mayu, nyuzi zimesema kweli!" Akaninyanyua juu, mikono yake inanuka gundi na petroli. Majirani wakapiga makofi. Mama akacheka, akajifuta macho kwa kanga, akasema, "Haya, rubani, masinia nimekupa." Na baba mdogo akaenda kona akawaambia wale vijana, wakaja kuligusa lile bati kwa heshima.

Usiku ule nililala nikiwa na furaha. Lazima niseme hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Nilijiona nimemwokoa baba.

Baada ya siku chache baba mdogo alilalamika kuwa dumu lake linavuja. Akabadilisha kifuniko.

Kuanzia hapo baba alikuwa anapiga hesabu zake zote kwa ile kumi na mbili. Nilimwona akiandika kwenye daftari, umbali wa hapa, umbali wa pale, lita kadhaa. Zamani alikuwa anabeba dumu la akiba nyuma ya kiti. Akaliacha. "Dumu ni uzito," alisema, "na uzito nao unakunywa." Kila nilipotaka kusema, nilimwona anavyotembea. Alikuwa anatembea kama mtu mrefu zaidi.

Ikaja likizo, akanichukua safari ya Nassa kwenda mnada wa Kimali, ili nimwone na babu. Tulipakia samaki wabichi alfajiri, sato kwenye matenga yaliyofunikwa majani mabichi na magunia yaliyolowa. Wenye samaki walikuwa wanawake wawili, Mama Holo na mdogo wake. Mama Holo alikuwa na sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto, na njia nzima alituchekesha. Alikuwa ameweka kwenye safari ile akiba yote ya kikundi chao, na alilisema hilo mara mbili, ya pili bila kucheka.

"Baba, tutafika kabla jua halijakaza?" Mama Holo alimuuliza baba.

"Tutafika, mama."

"Hii kofia ya gari lako haitatupeleka Mwanza kwa bahati mbaya?"

"Inaenda nilipoielekeza."

Tulipita Bariadi bila kusimama kuongeza mafuta. Baba alikuwa na hesabu yake. Tukashika barabara ya vumbi ya Meatu, na jua likapanda. Katikati ya pori la miiba, mbali na kijiji chochote nilichokiona, gari likakohoa. Likakohoa tena. Likaenda kwa mwendo wake lenyewe hadi likasimama, na kukawa kimya, ule ukimya ambao unasikia nzi.

Baba alishuka na kijiti cha kupimia, akakitumbukiza tangini. Kikatoka kikavu. Akakitazama, akakifuta kwenye suruali, akakitumbukiza tena. Mama Holo alikuwa ameshashuka.

"Limeharibika?"

"Mafuta yameisha."

"Yameisha vipi? Si wewe ndiye unayejisifu kuwa hili linakunywa upepo?"

Mdogo wake akacheka. Baba alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza, anarudi mwanzo, anahesabu tena. "Nimepima mwenyewe," alisema. "Nimepima kwa mkono wangu."

Alipita mwendesha pikipiki mmoja, tukampa dumu tupu la maji na pesa, atuletee petroli. Akaenda. Wachungaji walipitisha ng'ombe, na ng'ombe mmoja akasimama kulamba sinia la gurudumu la nyuma hadi akafukuzwa kwa fimbo. Jua likakaza. Baba alivua shati akalilowesha kwa maji ya kunywa, akalitandaza juu ya tenga moja. Shati moja, matenga manane. Mama Holo alikuwa anafunua majani, anabonyeza samaki kwa dole gumba, anafunika. Mwanzo alikuwa anatukana. Baadaye akaacha. Alikaa chini kwenye kivuli cha gari, akawa anatazama barabara tu, na mimi nilitamani aendelee kutukana.

Petroli ilifika jua likiwa limeanza kuegemea. Harufu ilikuwa imeshaanza. Mnadani tulifika watu wanafunga biashara, na wachache waliobaki waliinamia matenga wakasimama wima haraka. Mambo ya hasara ile wakubwa waliyamaliza wenyewe, sikuambiwa. Ninachokijua ni kwamba Mama Holo hakupanda tena gari letu, na wanawake wengine wa Nassa walimsikiliza yeye.

Tukiwa tunarudi, baba alizungumza mara moja tu.

"Mayu, siku ile ya kupima. Ulikuwa umekaa pale pale. Jagi lilikuwa linajaa kila mara?"

"Lilikuwa linajaa," nikasema.

Ilikuwa kweli, lilikuwa linajaa. Nimeshasema uongo mwingine maishani, lakini hakuna hata mmoja mbaya kama ile kweli.

Alitikisa kichwa. "Basi kosa ni langu. Sijui ni wapi, lakini ni langu."

Baba mdogo alijaribu kumwambia kuwa pengine barabara ya vumbi si kama lami, kwamba kwenye mwendo wa polepole upepo hauna kazi kubwa. Inawezekana. Lakini baba alikuwa ameshaacha kusikia. Alipanda juu ya gari na nyundo, akaing'oa kofia ya bati, akang'oa mkia, akafungua waya za masinia moja baada ya jingine na kumpelekea Mama yakiwa yameoshwa. Mama alikuwa na haki ya kusema, na hakusema. Aliyapokea kwa mikono miwili. Baada ya mavuno gari liliuzwa, wakahamia Kimali. Mimi nikabaki kwa baba mdogo nimalize shule.

Si umaskini ninaoujutia. Kimali tulikula, pamba ilistawi miaka mingine na mingine haikustawi, kama kwa watu wote. Ninachojutia ni baba mwenyewe. Yule mtu aliyeuliza vumbi linawezaje kukushika mgongoni hakuuliza tena. Likizo nilipokuwa naenda, nilimkuta anajenga ghala, anamwita jirani aje amwambie kama nguzo zimenyooka, wakati zamani alikuwa anafumba jicho moja tu. Kwenye mizani ya pamba alikuwa anasimama kando, anaambiwa kilo, anaitikia. "Hesabu zangu si za kuamini," alisema siku moja, kama mtu anayesema mguu wake mmoja ni mfupi. Mtu mzima alijiona mjinga miaka yote hiyo kwa sababu ya chupa tano.

Kwa nini sikumwambia? Mwanzo niliogopa kupigwa. Halafu niliogopa Mama. Nilipoolewa niliona ni mambo ya kitoto, yameshapita. Nilipokuwa na watoto wangu nikaona si ya kitoto, nikaogopa zaidi.

Mwaka huu alipoumwa tulimleta Somanda awe karibu na hospitali, akalala kwangu, katika nyumba ileile. Nyumba hiyo baba mdogo aliniachia alipohamia kwa mke wake. Asubuhi nilikuwa namtoa baba nje kwenye kiti, uani, apate jua kabla halijawa kali. Alikuwa amekonda hadi saa yake inazunguka mkononi. Siku moja nilikuwa namkata kucha za miguu, na bodaboda zinapita, na nikaanza kusema bila kupanga. Nilisema nimeinama, naangalia kucha. Nikasema siku ile mlipoingia kula, mimi nilitia petroli kwenye tangi.

Nikadhani amelala. Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama, na macho yalikuwa yale ya zamani, yale ya kwenye ndoo.

"Chupa ngapi?"

"Tano."

"Za nini?"

"Za maji. Za lita moja."

"Zimejaa?"

"Zimejaa."

Vidole vyake vikaanza kucheza juu ya goti. Kumi na mbili na tano. Nilizijua hesabu hizo, nilikuwa nimezipiga mara nyingi kuliko yeye. Kumi na saba. Gari lilikunywa kilekile. Kofia, mkia, masinia, nyuzi, bure. Midomo yake ikasimama. Kisha ikaanza tena.

"Ulimimina kwa faneli?"

"Hapana. Ulikuwa nayo ndani."

"Basi ulimwaga."

"Nilimwaga, baba."

Akajivuta mbele kwenye kiti, nikamshika bega asianguke. "Sikiliza, mayu. Ulichomwaga hakikuingia tangini. Ulichomwaga ndicho gari halikunywa. Umeelewa? Kama ulimwaga kikombe, nilipunguza kikombe. Kama ulimwaga lita nzima..." Pumzi ikamkatika, akasubiri irudi. "Ulimwaga kiasi gani?"

Nilijua angependa niseme nini. Ningeweza kusema lita nzima. Ningeweza kusema nusu, angefurahi na nusu. Ilikuwa ni kusogeza daftari kidogo tu upande wake, kama zamani.

"Sijui, baba."

"Kumbuka. Palipolowa palikuwa pakubwa? Kama kiganja? Kama sahani?"

"Nilipafukia kwa mguu. Nilikuwa naogopa. Sikutazama."

Habari ya petroli hakuishangaa kama alivyoishangaa hiyo. Alinitazama kama mtu anayeambiwa amekosea nyumba.

"Wewe?" akasema. "Wewe hukutazama?"

"Sikutazama."

Akaegemea nyuma. Akatazama chini, pale uani, palipokuwa gari. Ni udongo tu, na kuku wangu walikuwa wanaparua hapo. Hakunikemea, na hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Alinipa mguu wa pili, nikaendelea kumkata kucha.

Siku nne baadaye alifariki, hajui alipunguza kiasi gani. Na mimi sijui.